Nyumba iliyofungwa nayo inakula



Juma lililopita, kiisha mkutano, mama mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba parsele isiyokaliwa na mtu inalipiwa kodi. Wengine walicheka. Walisema serikali haiwezi kulipisha ukuta na muembe. Sisi hatukucheka. Sisi ni wale dada watatu ambao mnatufahamu, tunaokaa nyuma karibu na mlango kila siku ya mkutano. Tumeomba nafasi katika barua hii ili tueleze yaliyotupata juu ya nyumba ya mama yetu kule Likasi. Hatuandiki kwa kujisifu. Sehemu kubwa ni makosa yetu wenyewe, na tunayasema ili ninyi msiyarudie.

Baba yetu alikufa tungali masomoni. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu, aneksi ndogo nyuma, na muembe mbele ya mlango. Watu wa ukoo walidhani mama atarudi kwao kijijini. Hakurudi. Aliuza makala, kiisha akauza mikate ya asubuhi, na kwa feza hiyo alitulisha na kutusomesha sisi na kaka yetu. Kila mwaka, sikukuu za Noeli zikiisha, alivaa kikwembe chake kizuri akaenda kulipa kodi ya parsele. Akirudi, alikunja karatasi ya malipo mara nne na kuitia ndani ya mukebe wa maziwa, pamoja na karatasi za nyumba. Tulimwuliza mara nyingi: “Mama, haya makaratasi ya zamani ni ya nini?” Alijibu: “Siku moja mtu atakuja kusema hapa si kwangu.” Tulidhani ni woga wa mjane tu.

Mama alitutoka wakati wa mvua. Tulimlilia, tukamzika, tukakaa kilio mpaka kikaisha. Siku ya kuagana tulifunga milango yote kwa kufuli, tukamwachia kijana mmoja ulinzi wa parsele, na mkubwa wetu akatia ufunguo katika mfuko wake. Tulirudi Lubumbashi. Kaka alirudi Kolwezi kwenye kazi yake. Tuliambiana tutazungumza juu ya nyumba mwaka utakapopita. Mwaka ukapita, na mwingine, mpaka ikawa minne.

Wamama, semeni nasi ukweli: ni nani kati yetu hana chumba asichotaka kufungua? Kila siku ya yenga tulipokutana kula, mmoja wetu akianza kusema “Ile nyumba ya Likasi…”, mwingine alisimama kwenda kuangalia bukari kwenye moto. Wawili kati yetu tulikuwa tukilipa nyumba za watu hapa mjini kila mwezi, na nyumba ya mama ilikuwa imefungwa. Tulijifariji kwa neno moja: nyumba isiyo na mtu haili kitu. Haina umeme wa kulipa, haina maji ya kulipa, haina mtu wa kulalamika. Kumbe ilikuwa inakula.

Mwezi wa pili wa mwaka ule wa nne, jirani mmoja wa mama alitupigia simu. Alisema kuna karatasi imebandikwa kwenye mlango mkubwa wa parsele. Alipiga picha, akatutumia. Ilikuwa madai ya kodi ya miaka sita, na juu yake adhabu za kuchelewa. Tulipohesabu, feza ile ilipita karo ya watoto wetu wote kwa mwaka mzima.

Mkubwa wetu alikaa chini. Wa katikati alisema ni uongo, mtu hawezi kulipishwa kwa mahali ambapo hapati hata franka moja. Tulikwenda kuuliza kwa mtu anayeelewa mambo haya, na hiki ndicho tulichojifunza.

Kodi ya nyumba na parsele, ile inayoandikwa kwenye makaratasi impôt foncier, ilipangwa na sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Ni ya zamani kuliko wengi wetu. Tangu Katiba ya 2006, kodi hii ni ya mkoa: mkoa ndio unaoikusanya, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya magari. Na tazameni vizuri inahesabiwaje. Haiulizi kama umepata kitu mwaka huu. Inaangalia nyumba yenyewe: ni ya namna gani, ina ukubwa gani, iko katika mji au mtaa wa daraja gani. Hata parsele isiyojengwa ina kodi yake. Kwa hiyo nyumba iliyojaa watoto na nyumba iliyojaa buibui zinaweza kulipa sawasawa. Sheria haioni kufuli lako.

Tulijifunza na jambo la pili, nalo lilituuma zaidi. Sheria hiyohiyo ilifungua mlango kwa wajane na kwa wazee waliopita miaka 55. Kwa nyumba ambamo mwenyewe anaishi, peke yake au pamoja na wale anaowatunza, wanaweza kusamehewa kodi hii. Kuna masharti: mapato yake yasipite kipimo kilichowekwa, na ni lazima apeleke tangazo la mali yake ofisini kwa wakati wake. Mama yetu alikuwa mjane, alikaa katika nyumba ile mpaka kufa, na hakuwa na mapato mengine ila mikate. Labda alikuwa na haki ya kuomba asamehewe. Hakuna aliyemwambia. Alilipa kila mwaka, na mara nyingine tulilala na uji juu ya kodi hiyo. Kuna wajane wengi katika chama chetu. Nendeni mkaulize, na muulize pia mkoa wenu una maagizo gani ya sasa, maana mikoa hupanga mambo yake kwa edikti.

Na msamaha huo haurithiwi. Ni wa mjane anayekaa ndani ya nyumba yake. Siku mama alipofungiwa mlango kwa mara ya mwisho, nyumba ile ilikuwa tayari kitu kingine mbele ya sheria: nyumba ya pili ya watu wenye makao yao mahali pengine.

Habari ya karatasi ilifika kwa baba mdogo kabla sisi hatujajua la kufanya. Alituita siku ya posho, sisi na kaka yetu. Tulipofika tulikuta mgeni mmoja amekaa kwenye kiti kizuri, amevaa viatu vyenye kung’aa. Baba mdogo alisema:

“Wanangu, deni limewashinda. Huyu baba atalipa deni lote, kiisha atawapa kitu kidogo mgawane. Nyumba imefungwa miaka minne, nani anaihitaji? Nyinyi ni wanawake, mna nyumba za mabwana zenu. Na kijana huyu ana maisha yake Kolwezi.”

Kaka yetu alinyamaza. Tuliona kwamba amechoka na moyo wake umeanza kukubali. Hata sisi, tuseme ukweli, kwa dakika moja tuliona ni kama mzigo unashuka kutoka kichwani. Bei aliyosema yule mgeni haikutosha kununua hata aneksi. Lakini deni linapokuwa mbele ya macho, mtu haoni bei.

Mkubwa wetu ndiye aliyejibu, kwa magoti, kama inavyofaa kwa baba. “Baba mdogo, tunakuheshimu. Wewe ndiwe umebaki mahali pa baba yetu. Tuachie mwezi mmoja tuende kuiangalia nyumba. Hatuwezi kuuza kitu ambacho hatujakiona.”

Baba mdogo alikasirika. Aliuliza tangu lini mwanamke anasimamia mali ya ukoo. Hatukubishana naye mbele ya mgeni. Lakini tulikwisha kuuliza, na jibu tulikuwa nalo. Kanuni ya jamaa ya 1987, ile iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, na haitofautishi wa kike na wa kiume. Mtu akifa bila kuacha wosia, anayepewa kazi ya kusimamia urithi ni mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine, au yule ambaye wenzake wamemchagua kama mkubwa amekataa. Sheria haikusema mwanaume. Mkubwa wetu ni mwanamke.

Tulisafiri kwenda Likasi sisi watatu, alfajiri, na chakula ndani ya kikapu. Njiani hatukuzungumza sana. Tulijua kinachotungoja si deni peke yake.

Tulikuta majani yamefika kiunoni upande mmoja, na upande mwingine kumelimwa mahindi mazuri. Nyuma, moshi ulikuwa ukitoka kwenye aneksi. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni, na watoto wawili wakijificha kwenye kikwembe chake. Tulianza kupiga kelele: nani amekuingiza hapa? Alitetemeka. Alisema anamlipa mlinzi kila mwezi, na mlinzi alimwambia nyumba ni ya mjomba wake. Kijana mwenyewe alipofika, tulimtishia shefu wa kartiye na polisi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema kwa upole: “Mama zangu, mwaka wa kwanza mlinilipa. Mwaka wa pili mlinilipa miezi mitatu. Kiisha hamkushika tena simu yangu. Ningekula nini?”

Tulinyamaza, maana ilikuwa kweli. Tulikuwa tumemwacha kama tulivyoiacha nyumba. Na yule mama tuliyetaka kumfukuza ndiye alikuwa akifagia mbele ya mlango wa mama yetu kila asubuhi. Madirisha yalikuwa bado mahali pake kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupiga kelele usiku. Nyumba mbili za barabara ileile, zilizofungwa kama yetu, zimekwisha kuondolewa mabati na milango.

Kiisha tulifungua nyumba kubwa. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani mpaka kwenye mbao za paa. Maji ya mvua yalikuwa yameoza dari ya sebule. Chumba cha mama tulikiacha cha mwisho. Kikwembe chake kilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Wa mwisho wetu alikishika, akaweka uso wake ndani, na hapo tulilia kilio ambacho hatukukilia siku ya maziko. Tulilia pia kwa haya. Miaka minne tulisema tunaiheshimu nyumba ya mama kwa kuifunga, na siku zote hizo mvua ilikuwa ikiingia juu ya kitanda chake.

Chini ya kitanda tulikuta mukebe wa maziwa. Kutu ilikuwa imekula kifuniko, lakini makaratasi yalikuwa makavu, amayafunga katika plastiki. Tuliyapanga juu ya sakafu, mwaka kwa mwaka. Zile karatasi za malipo zilikuwa zote, hata za miaka miwili ya mwisho ya maisha yake. Tuliangalia tena picha ya madai: miaka sita. Miwili kati ya hiyo mama alikwisha kuilipa!

Kesho yake tulikwenda ofisini. Mlangoni kijana mmoja asiyekuwa na kadi ya kazi alitushika pembeni, akasema anaweza “kupanga” mambo yote kwa nusu ya deni, tumpe mkononi, leo deni litafutwa. Mmoja wetu alikwisha kufungua mkoba. Tulimvuta mkono. Mama hakuwahi kuacha feza mahali bila karatasi. Tulingoja kwenye foleni mpaka saa nane.

Mtumishi aliyetupokea alizitazama karatasi za mama moja moja, muhuri kwa muhuri. Alichukua muda mrefu. Mwishoni alitwaa kalamu akakata miaka miwili, na adhabu zake pia zikaondoka. Miaka minne iliyobaki ilikuwa yetu kwelikweli, na hatukuwa na la kusema. Tuliandika barua kuomba kulipa kwa sehemu. Walitukubalia sehemu tatu, na kila sehemu tuliilipa benki.

Sehemu ya kwanza, wamama, ninyi mnaifahamu ilikotoka, hata kama hamkujua sababu. Ni mwezi ule tulipoomba turuhusiwe kuchukua likelemba kabla ya zamu yetu, na mama wawili wakakubali kutuachia. Leo tunawashukuru mbele ya wote. Sehemu ya pili kaka yetu aliituma kutoka Kolwezi, bila kuombwa, alipoona picha ya zile karatasi zimepangwa juu ya sakafu. Alituandikia maneno machache tu: “Sikujua alikuwa akitunza hivi.” Baba mdogo tulimpelekea mahindi ya ile parsele na kumweleza hesabu yote. Hakufurahi, lakini alikula mahindi. Yule mgeni mwenye viatu hatukumwona tena.

Binti ya shangazi yetu anaishi Uingereza. Tulipomsimulia mambo haya kwa simu alicheka, akasema sisi tuna bahati. Kule, kuanzia Aprili 2024, halmashauri ya mji inaweza kuongeza kodi ya nyumba iliyokaa tupu mwaka mmoja mpaka ikawa mara mbili, na nyumba ikizidi kukaa tupu miaka mingi, nyongeza nayo inazidi. Tangu Aprili 2025 hata nyumba ya pili, ile ya kwenda kupumzika, inaweza kulipishwa mara mbili. Wanafanya hivyo ili mwenye nyumba aifungue, watu wakae ndani, maana wengi wanatafuta mahali pa kulala. Wameacha nafasi kwa nyumba ambayo mwenyewe amekufa, ili jamaa wapate muda wa kupanga urithi.

Tulifikiri sana juu ya maneno yake. Sisi kodi yetu haikuongezwa kwa sababu nyumba ilikuwa tupu. Lakini nyongeza tuliilipa kwa njia nyingine: kwa mchwa, kwa dari, kwa adhabu, na ilibaki kidogo tu tuilipe kwa nyumba yenyewe. Na kule kama huku, nyumba ilikuwa imefungwa huku mama mwenye watoto watatu akitafuta mahali pa kulala.

Sasa tufikie tulivyopanga. Yule mama wa aneksi alibaki, kwa karatasi ya mapatano iliyoandikwa vizuri, na bei anayoiweza. Mlinzi tulimlipa tulichomdai, yeye naye akaturudishia sehemu ya kile alichopokea. Tuliachana kwa amani. Nyumba kubwa, kiisha kutengeneza paa, tuliipangisha kwa mwalimu na jamaa yake. Hapo kodi nyingine inaingia, ile ya mapato ya kupangisha, na ni sehemu inayoonekana ya feza ya mwezi. Usipange matumizi ya feza ya mpangaji kabla ya kuuliza mkoa wako unachukua asilimia ngapi na nani anayeipeleka, wewe au mpangaji. Kazi ambayo haijaisha ni kugeuza karatasi za nyumba, maana bado ziko katika jina la baba. Ni kazi ndefu na ya gharama, lakini tumeianza, na majina yetu manne yameandikwa katika maombi.

Wamama, kama una nyumba au parsele ambayo imefungwa, ya mama yako, ya bwana aliyekufa, au ile uliyonunua ukasema utajenga siku moja, fanya mambo haya mwezi huu. Tafuta karatasi yake ya mwisho ya malipo, uone ni ya mwaka gani. Usingoje madai yabandikwe. Tangazo la kodi kwa desturi linapelekwa mwanzo wa mwaka, kabla mwezi wa pili haujasogea. Lipa benki, kamwe usilipe mkononi mwa mtu wa mlangoni. Ukiwa mjane, au umepita miaka 55, uliza juu ya msamaha wa nyumba unamokaa. Onyesha watoto wako, wa kike pia, mahali unapoweka makaratasi. Na kama kuna chumba ambacho jamaa nzima inaogopa kukifungua, kifungueni pamoja, mapema, mvua ingali mbali.

Ule mukebe wa kutu hatukuutupa. Sasa uko kwa mkubwa wetu, juu ya kabati. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulikwenda kulipa sisi watatu, tukiwa tumevaa vikwembe vyetu vizuri. Tuliporudi tulikunja karatasi mara nne, tukaiweka juu ya zile za mama.